Mapazia ya Nyumba ya Kona

Shemeji yangu huhesabu kila kitu kwa mapazia. Fedha anasema haziaminiki, leo zinanunua hiki, kesho hazinunui hata nusu yake. Ukimuuliza ada ya shule ya mjukuu wake ni kiasi gani, atakuambia mapazia matano. Kitanda kipya ni mapazia tisa. Mwaka jana aling'olewa jino kwa pazia moja na nusu, na mpaka leo analalamika kwamba jino lenyewe halikuwa na thamani hiyo hata lilipokuwa zima. Pazia moja, kwa hesabu yake, ni ule ujira unaobaki mkononi akishashona pazia la dirisha moja, akalitundika, akalipa kitambaa, uzi na nauli. Mwanzoni nilikuwa namcheka. Siku hizi nami nikisikia bei ya kitu najikuta naigeuza kuwa mapazia kabla sijaielewa.

Watu wa mtaani wanamwita Mama Pazia. Mimi namwita shemeji kwa sababu ameolewa na kaka yangu, na ndiye mtu pekee ninayeweza kumtania asubuhi mpaka jioni na bado akanipa chai. Tunafanya kazi kwenye kibaraza kimoja, yeye na cherehani yake kulia, mimi na meza yangu ya vitasa kushoto. Nachonga funguo, nabadilisha vitasa, nawafungulia milango waliojifungia nje. Kaka yangu anaendesha lori la mchanga wa kujengea. Ukiangalia vizuri, kwa miaka ishirini na miwili haikujengwa nyumba mtaa huu ambayo sisi watatu hatukuigusa. Kaka kamwaga mchanga, mimi nimetia kitasa, shemeji katundika mapazia. Na hakuna kati yetu mwenye hata tofali moja la kwake. Jambo hili hunikera mpaka chakula kinanishinda, na nikilisema kwa sauti kaka ananiambia nipunguze mdomo.

Wao wawili walipooana walipanga vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Kodi ilikuwa mapazia matatu kwa mwezi, na shemeji alikuwa anashona ishirini na tano. Ilikuwa kodi ya kucheka nayo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja hatua chache kutoka kwao, na jioni tulikaa mlangoni kwao tukipanga mambo makubwa kama watu waliokwisha kuyapata.

Mwaka huohuo ndipo shemeji alipoingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya kona.

Nyumba yenyewe iko pale barabara inapopinda kwenda shuleni. Si kubwa. Ina sebule, vyumba vitatu vya kulala, jiko na madirisha saba. Mwenyewe alikuwa mwalimu mwanamke ambaye ndiyo kwanza amestaafu, na mtaa mzima tulimwita Bibi Mwalimu, maana nusu yetu alitufundisha na nusu nyingine alituchapa. Alimwita shemeji aje kupima madirisha. Shemeji alikuwa na mimba ya binti yake wa kwanza. Akapima sebule, akapima vyumba, akafika jikoni, akakwama.

Dirisha la jikoni liko juu ya sinki, na linatazama barabarani. Mtu anayeosha vyombo pale anamwona mgeni kabla mgeni hajafika mlangoni. Kwa shemeji, ambaye alikuwa anaoshea vyombo kwenye karai uani, pamoja na wapangaji wengine wanne, kila mmoja akiangalia sufuria za mwenzake, dirisha lile lilimwingia moyoni na halikutoka. Alisimama pale na futi yake mkononi muda mrefu mpaka Bibi Mwalimu akamuuliza kama dirisha lina kasoro.

"Hapana, Mwalimu," shemeji akajibu. "Linanifaa."

Kisha akaona aibu. Bibi Mwalimu akacheka, akamletea maji ya kunywa kwenye glasi, juu ya sahani ndogo, kama wanavyoletewa wageni.

"Basi siku nikiichoka nyumba hii," akamwambia, "nitakuita wewe kwanza."

Walimu wameahidi watoto mambo mengi tangu dunia iumbwe, na nadhani ile ilikuwa ahadi ya namna hiyo. Lakini shemeji alirudi nayo kibarazani. Jioni akamwomba kaka aulizie huko anakomwaga mchanga, nyumba kama ile inauzwa kiasi gani. Kaka akaulizia. Shemeji akageuza bei kwa hesabu yake, akapata mapazia elfu moja na mia mbili. Akaandika tarakimu hiyo kwa chaki ndani ya mfuniko wa cherehani. Haikuwa ndoto ya kiwendawazimu. Kwa watu wawili wenye kazi, wakijibana, ilikuwa miaka kumi hivi.

Walijibana kweli. Kaka aliacha sigara, ingawa alisema aliacha kwa ajili ya kifua. Nilimwona shemeji akigeuza kola za mashati ya mumewe ili upande uliochakaa uangalie ndani. Miaka minne ikapita, akiba ikawa inakaribia thuluthi ya safari. Ndipo ikaja lami.

Tuliishangilia lami, hilo siwezi kulisahau. Mimi mwenyewe nilisimama kando ya barabara nikiwapigia makofi wale vijana wa greda kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nani hapendi kupita bila vumbi? Miezi mitatu baadaye shemeji akaulizia tena bei ya nyumba kama ile ya kona, akafuta tarakimu ndani ya mfuniko na kuandika nyingine. Elfu mbili na mia sita. Nyumba ilikuwa ileile, na sakafu yake ya saruji iliyopasuka mlangoni. Kilichobadilika ni kwamba sasa gari lingeweza kufika bila kutikisika.

Baada ya lami kikafunguliwa chuo. Wenye nyumba wakagundua kwamba chumba kimoja kikigawanywa kwa mbao kinakuwa viwili, na kwamba wanafunzi watatu wanalipa zaidi ya familia moja. Mimi nilipata kazi sana mwaka ule, maana kila mlango mpya ulitaka kitasa. Nakiri nilifurahi. Kisha nikaanza kuitwa kubadilisha vitasa kwenye milango ya watu ninaowafahamu, walioshindwa kodi na kuondoka, wakati mwingine ndoo yao ikiwa bado iko uani. Nilikuwa nafanya kazi nimeinamisha kichwa. Nilichokiogopa kuliko vyote ni siku nitakayoitwa kwenye mlango wa kaka yangu.

Kwa maana kodi yao nayo ilikuwa inapanda. Kutoka mapazia matatu ikaenda matano, kisha manane. Baba mwenye nyumba wao si mtu mbaya; anakuja na salamu ndefu, anauliza hali za watoto, halafu anasema. Kibaya zaidi, shemeji alikuwa hawezi kukaa mahali pabaya. Akipanga pango, atalitundikia pazia. Alipaka chokaa, akashona mapazia ya vyumba vyote viwili, akafunika hata rafu ya vyombo, na baba mwenye nyumba akija kuchukua kodi anatazama huku na huku na kusema vyumba vyangu hivi vimekuwa vizuri, eti. Mwezi unaofuata vinapanda. Nilimwambia shemeji atundike magunia.

Mara moja kila mwaka alikuwa anakwenda kwa Bibi Mwalimu kuyashusha mapazia, kuyafua, kuyapiga pasi na kuyatundika upya. Mwanzo alilipwa, baadaye akakataa kulipwa. Alijua dirisha lipi linavimba wakati wa mvua na lipi linahitaji kupigwa ngumi kidogo upande wa kulia ndipo lifunge. Siku hiyo alivaa gauni zuri. Alirudi jioni mikono imekunjamana kwa maji, na hakutaka maongezi.

"Umetoka kwa mume wa pili?" nilimtania mwaka mmoja.

"Nimetoka nyumbani," akasema, na akaendelea kuvuta kiti chake.

Kaka alikuwa amekaa pale, akisikia. Nilimwonea huruma kaka, maana ndiye aliyekuwa amempa shemeji nyumba ile nyingine, ya nyuma ya duka la mabati.

Niseme sasa habari ya jora. Shemeji ana sheria moja ambayo amewafundisha wasichana wote waliopita kujifunza kwake. Hakuna kukata kitambaa kabla hujapima dirisha kwa mkono wako mwenyewe, na hakuna kutumia kipimo cha zamani, hata kama ni chako. Nyumba zinabadilika, anasema. Fremu hushuka, mtu huongeza kabati, mwingine huinua sakafu. Nimemwona akimfukuza msichana kazi kwa sababu ya kukata kwa kukisia.

Sheria hiyo aliivunja kwa ajili ya nyumba moja. Siku moja alirudi sokoni amebeba begani jora zima la kitambaa kizito, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Kaka akauliza ni kazi ya nani. Akasema ni ya kwake. Kaka akamkumbusha kwamba godoro lao limebonyea katikati mpaka wanakutana usiku bila kupenda. Shemeji akasema godoro litasubiri, kwani kitambaa kikiisha dukani hakipatikani tena rangi moja kwa madirisha saba. Hakuhitaji kupima. Alizijua namba zote saba kichwani, urefu na upana. Akawa anashona wakati kazi za watu zikipungua, dirisha baada ya dirisha, marinda ya kubana, upindo wa vidole vinne, na akimaliza moja analikunja na kulitia kwenye sanduku la bati pamoja na vidonge vya kuzuia nondo. Ilimchukua miaka mitatu. Lile la jikoni, ambalo ni dogo kuliko yote, alilishona mwisho.

Mapazia yakakaa sandukuni miaka tisa. Katika miaka hiyo binti zao wawili walisoma, mmoja akaolewa, akarudi na mtoto. Kaka akapinda mgongo kwa kuendesha lori, akafanyiwa upasuaji, na akiba yote ikapita mlangoni mwa hospitali. Wakaanza tena. Vikapanda vyumba, ikapanda nyumba, wakaja watu wa maofisini wenye magari madogo meupe, na kodi ya vyumba viwili nyuma ya duka la mabati ikafika mapazia kumi na manne. Shemeji bado alikuwa anashona ishirini na tano kwa mwezi. Macho yake yalimtosha kwa hayo tu.

Mwaka huu Bibi Mwalimu alianguka bafuni. Mwanawe anayefanya kazi ng'ambo akaja kumchukua. Siku ya kuondoka gari lilisimama mbele ya kibaraza chetu, kioo kikashuka, na yule bibi, mdogo sasa kama mtoto wa shule, akamshika shemeji mkono.

"Nimemwambia," akasema. "Wewe kwanza."

Na ahadi ilitimizwa, hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Mwanawe alipiga simu baada ya siku mbili, kwa adabu zote. Alimwita shemeji mama. Alisema mama yake amemsisitiza, kwa hiyo atampa wiki tatu kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Kisha akataja bei ambayo madalali walimwambia. Shemeji alikuwa ameshika chaki. Akaipigia hesabu ndani ya mfuniko wa cherehani, chini ya tarakimu zote zilizofutwa, na ikatoka mapazia elfu saba na mia tano. Akamshukuru yule kijana, akamwombea mama yake afya njema, akakata simu.

"Nimeshona zaidi ya elfu sita tangu siku ile," akaniambia. "Kwa bei ya siku ile ningeinunua mara tano, shemeji. Ingenisubiri tu."

Nilichukua ufunguo uliokuwa mezani nikaanza kuuchonga, na nikauharibu.

Wiki tatu zikapita. Ya nne, baba mwenye nyumba akaja na salamu zake ndefu. Kuanzia mwezi ujao vyumba ni mapazia ishirini. Kaka hakubishana. Alikwenda huko anakomwaga mchanga siku hizi, mwisho kabisa wa lami na kisha mwendo mrefu kwenye vumbi, akapata vyumba viwili kwa mapazia manane, wakalipa miezi sita mbele. Kutoka kule mtu hawezi kuja kibarazani kila siku. Cherehani itakwenda naye. Upande wa kulia wa kibaraza amekwisha kuukodi kijana wa kutengeneza simu.

Nyumba ya kona ikanunuliwa na mke na mume vijana. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia. Nikashindwa. Mke, binti mdogo bado, ni muuguzi, mumewe anafundisha pale chuoni, na wamekopa benki kiasi kwamba hata watoto ambao hawajazaliwa tayari wanadaiwa. Kwa kuwa nyumba ilikuwa imepitiwa na mafundi wengi, walitaka vitasa vyote vibadilishwe. Wakaulizia mtaani, wakaelekezwa kwangu. Wakaulizia pia mtu wa mapazia, na mtaa mzima una mtu mmoja wa mapazia.

Tukaenda pamoja siku ya Jumatano, mimi na mkoba wangu, shemeji na futi yake shingoni. Nilifikiri angekataa. Alivaa lile gauni zuri.

Ndani kulikuwa na harufu ya rangi mpya. Walikuwa wametandika vigae juu ya sakafu ya zamani, na milango yote ilikuwa inakwaruza chini, kwa hiyo kabla ya vitasa ilinibidi niivue na kuipunguza kwa randa. Shemeji alikuwa anapita chumba hadi chumba akiandika. Yule binti alimfuata, na baada ya muda akauliza kwa upole mbona mama hapimi.

"Nimeshapima," shemeji akasema.

Binti akamtazama, akatazama ile futi ambayo haikutoka shingoni, akaamua kuheshimu uzee. Akaeleza kwamba wanahamia Jumamosi, na dirisha la chumba cha kulala linatazamana na jirani, hawezi kulala hivihivi. Shemeji akamwambia mapazia ya madirisha saba ni kazi ya siku nane, akijitahidi sana, sita. Binti akasikitika bila kubishana. Kisha akaenda jikoni, akasimama kwenye sinki, akatazama nje, na akatabasamu peke yake. Alidhani hakuna anayemwona. Shemeji alikuwa anamwona.

"Ninayo yaliyo tayari," shemeji akasema.

Bisibisi ilinidondoka mguuni.

Njiani nilimsema mpaka tukafika kibarazani. Nilimwambia afadhali angeyachoma moto. Akaniambia madirisha ya huko wanakohamia ni madogo kama daftari, na kwamba mapazia yakikaa sana sandukuni hukatika kwenye mikunjo, tayari ameona mstari mmoja. Kisha akasema yalishonwa kwa ajili ya nyumba ile, na nyumba haijahama, aliyehama ni yeye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nahitaji kupenga kamasi.

Ijumaa asubuhi tukarudi na sanduku. Binti alikuwepo, mumewe alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Shemeji akapanda ngazi, akatundika sebule kwanza. Marinda yakashuka, ile rangi ya maziwa na chai ikakubaliana na ukuta utadhani waliulizana. Binti akashika mdomo. Lakini chini pazia lilikuwa limelala kwenye vigae, limezidi kwa vidole viwili. Tukatundika chumbani, vilevile, vidole viwili. Yote matano yanayofika chini yalikuwa yanaburura.

Nikafurahi kupata cha kusema. Nikamwambia binti kwamba amebahatika kushuhudia jambo ambalo halijatokea tangu mtaa huu uwe mtaa, Mama Pazia amekosea kipimo. Nilitegemea shemeji anijibu kwa ukali. Akasema tu kwamba ni kosa lake, atapinda upya hapohapo kwa mkono, ni kazi ya mchana mzima. Binti alikuwa na zamu hospitalini, na atarudi na mumewe saa kumi na moja. Kwa kuwa kitasa cha mlango wa mbele nilikuwa bado nakikamilisha, akaniachia mimi nyumba. Akaondoka saa sita na nusu.

Saa saba kitasa kilikuwa tayari. Shemeji alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, sindano mdomoni, pazia mapajani.

"Toka nje kidogo, shemeji," akasema. "Uvute mlango."

Nikatoka. Nikavuta mlango, na kitasa changu kipya kikalia vizuri, kwa sauti ile ya kitasa kilichokaa sawa. Funguo zote nne zilikuwa mfukoni mwangu. Nikakaa kwenye ngazi, nikajifanya napaka grisi vitasa vya zamani.

Baada ya muda nikasikia bomba la jikoni likifunguliwa, maji yakipiga sinki, halafu likafungwa. Nikasikia nyayo zikitoka jikoni kwenda sebuleni, zikienda chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila haraka, mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua kitu na kukuta amesahau alichofuata. Pete za mapazia zikateleza kwenye fimbo zake. Akayafungua, akayafunga, akayafungua. Mara akaimba kidogo. Miaka ishirini na miwili nimekaa mita mbili kutoka kwake na sikujua kama anaimba. Kwenye saa tisa nilisimama kunyoosha miguu, nikageuka, na nikamwona dirishani jikoni, juu ya sinki, mikono imeegemea ukingo wake. Alikuwa anatazama barabarani kama mtu anayemtegemea mgeni. Nilirudi kukaa upesi asijue nimemwona. Nilikuwa nalia, na sikujali.

Saa kumi na nusu ikafika. Ilibidi nimwambie muda unakwisha. Nikatoa ufunguo, nikauelekeza kwenye tundu. Nikaurudisha mfukoni. Nikagonga.

"Hodi," nikasema.

Kutoka mbali ndani ya nyumba, kwa sauti ya mwanamke aliyeko kwake, "Karibu."

Akanifungulia mwenyewe. Akanitazama miguuni.

"Vua viatu, shemeji. Nimepiga deki."

Nikavua. Akanikalisha kwenye sanduku la bati, maana kiti hakikuwepo, akaniletea maji kwenye glasi juu ya sahani ndogo. Glasi aliibeba kutoka kwake, imefungwa kwenye kitambaa, sahani pia. Nikanywa. Nikatazama mapazia. Yote matano yalikuwa yamepindwa, yanagusa vigae bila kulala. Sehemu iliyogeuka kwenye upindo wa karibu nami ilionyesha mstari wa chaki, mstari mkavu, ulionyooka, uliochorwa mezani kwa rula na si magotini sakafuni. Chini yake kulikuwa na uzi wa kuwekea alama ambao alikuwa hajaung'oa. Vidole viwili kamili. Alikuwa ameshaviweka alama nyumbani. Kazi iliyobaki haikufika hata saa moja.

"Uliviona vigae," nikamwambia.

"Tangu Jumatano," akasema. "Mimi si kipofu. Ningewaambia nini? Naomba nikae humu kidogo?"

Akaung'oa ule uzi, akauzungusha kidoleni, akautia mfukoni. Kisha akachukua glasi na sahani, akaenda kuviosha kwenye sinki, taratibu, akitazama nje, na ndiye aliyetuambia kwamba wenyewe wanakuja.

Wale vijana walifika mlangoni, wakaona viatu vyangu nje na deki ambayo haijakauka. Wakasita. Binti akasema hodi, kwenye nyumba yake mwenyewe. Shemeji akamwitikia karibu, kisha akashika mdomo na kuomba radhi, na wote wakacheka. Niliwakabidhi funguo nne, nikawajaribishia kila mmoja mlangoni kama ninavyofanya siku zote. Binti akazunguka nyumba nzima akishika mapazia kwa ncha za vidole. Alipolipa mapazia akauliza ile kazi ya kupinda upya, mchana mzima, anadaiwa kiasi gani.

"Hudaiwi, mwanangu," shemeji akasema. "Tumeshalipana."

Tulifika kwenye kona ndipo akasema tena. Hakugeuka nyuma. Nilikuwa nimebeba lile sanduku la bati kichwani, jepesi, limebaki vidonge vya nondo vinavyogongana ndani, na kesho yake asubuhi lori la kaka lilikuwa linakuja kuchukua vyombo.

"Pindo tano kwa mchana mmoja," akasema. "Ni kodi nafuu kuliko zote nilizowahi kulipa."